Kukamatwa Si Hukumu

Askari anapomsimamisha raia barabarani na kumkamata, ana kazi moja tu: amfikishe mahakamani. Hapa Githongo mahakama tunayo. Hatujasikia kwamba gari la polisi nalo limefanywa mahakama.

Twasema haya kwa ajili ya Kianjokoma, kule Embu, katika miteremko ya mlima huu huu wetu. Usiku wa tarehe 1 Agosti 2021, ndugu wawili, wa miaka 22 na 19, walikamatwa kwa kuvunja kafyu. Siku mbili baadaye jamaa zao waliwakuta katika chumba cha maiti. Polisi wakadai vijana waliruka kutoka garini. Waliruka! Wananchi walipoandamana, mtu mwingine alipigwa risasi akafa. Mwezi wa Septemba askari sita walishtakiwa kwa mauaji.

Sheria haikuwa bubu. Katiba ya 2010, kifungu cha 49, yataka aliyekamatwa aelezwe sababu na afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita. Sheria ya Polisi ya 2011 yaagiza kwamba nguvu zitumike pale tu njia za amani zimeshindwa, na aliyejeruhiwa atibiwe mara moja, jamaa zake waarifiwe. Mzazi wa Kianjokoma aliarifiwa na nani?

Jeshi la Polisi lilibadilishwa jina likaitwa Huduma, rungu halikubadilishwa. Twadai jina la kila askari anayekamata liandikwe katika kitabu cha matukio kituoni, pamoja na hali ya mwili wa aliyekamatwa, na jamaa zake waruhusiwe kukisoma usiku uo huo.