Fomu Ijazwe na Mwenye Jembe

Wananchi, kuna neno tunalolisikia kila tuendako vijijini, na leo tumeona tuliandike. Mkulima akiulizwa kwa nini kikundi chake hakijaomba ruzuku wala mkopo wa halmashauri, hujibu, "Fedha zile zina wenyewe." Akishasema hivyo huchukua jembe lake akaenda zake. Neno lake ni kweli tupu. Fedha zile zina wenyewe, na mmoja wao ni yeye aliyesema.

Tazameni zinakotoka. Kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2018, kila halmashauri nchini Tanzania hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. (Wanaume wa makamo wametuuliza mara nyingi fungu lao liko wapi. Humo hawamo, na kelele zao tunazielewa.) Mapato hayo ya ndani ni ada ya meza sokoni, ni ada ya mnada wa ng'ombe, ni ushuru wa mazao. Sheria humwambia mnunuzi alipe ushuru huo, lakini nani asiyejua kwamba mnunuzi huutoa kwenye bei ya mkulima? Na Mfuko wa Misitu Tanzania, uliowekwa na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, hupata sehemu ya fedha zake kutokana na tozo ya mazao ya misitu, kisha hutoa ruzuku kwa watu, vikundi na vijiji vinavyopanda miti, vinavyolinda misitu na vinavyofuga nyuki. Mti ulikatwa kwetu. Anayeomba ruzuku ya kupanda mwingine haombi sadaka ya mtu.

Lakini tusichanganye mambo. Ruzuku hairudishwi, ila hesabu yake hutakiwa mpaka senti ya mwisho. Mkopo wa halmashauri hauna riba, lakini ni deni, na asiyelipa amemzibia njia mwenzake aliye nyuma yake.

Nchi hii imekwisha kuona fedha nyingi zikimwagwa mashambani bila mkulima kuulizwa hata swali moja. Mwaka 1947 Serikali ya Kiingereza ilianzisha mpango wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Walikusudia kulima eka zaidi ya milioni 3. Matrekta yakaja, mabwana wakaja, mahema yakajaa. Mvua ya Kongwa ni ya kubahatisha, na udongo wake ukikauka huwa mgumu kama sakafu ya saruji; habari hiyo isingehitaji meli kutoka Uingereza, ingepatikana kwa mzee yeyote wa Kigogo chini ya mbuyu. Mwaka 1951 mpango ukatupwa, na pauni milioni 36 zimekwenda na maji.

Miaka hiyo hiyo, wakulima wa pamba wa Usukuma walikuwa wakipunjwa kwenye mizani. Hawakungoja mfadhili. Waliungana, wakaweka wapimaji wao wenyewe penye vituo vya kununulia, kila kilo ikaandikwa na mtu wao. Kutoka katika vyama hivyo vidogo, wakiongozwa na Paul Bomani, ulizaliwa mwaka 1955 Muungano wa Vyama vya Ushirika wa Victoria. Walianza na daftari na kalamu.

Sasa tuseme la leo. Katika kijiji kimoja cha milimani tulikutana na kina mama wafuga nyuki ambao maombi yao yalikuwa yamerudishwa mara mbili. Walikuwa wamemlipa kijana mmoja wa mjini, mwenye kompyuta, awaandikie. Tukaomba tuyasome. Karatasi zilikuwa safi, maneno makubwa makubwa, baadhi ya Kiingereza ambacho hakuna hata mmoja wao aliyekielewa. Tulipofika kwenye makisio ya gharama tukakuta chanjo ya mbuzi. Tukauliza, "Mama, mna mbuzi?" Wakatazamana. Kumbe kijana yule alikuwa na ombi moja tu, analiuzia kila kikundi, akibadili jina la juu. Tulicheka sote, lakini mama mwenyekiti hakucheka kwa muda mrefu, maana fedha aliyolipwa kijana ilikuwa akiba ya kikundi.

Huyu ni dalali kama dalali wa mizani. Anayeandika ombi ndiye anayejua kilichoombwa. Na asiyejua alichoomba hataweza kudai kilichopungua. Bwana shamba na afisa maendeleo ya jamii wanalipwa mshahara wa umma kuwaelekeza. Waulizeni, wala msione haya.

Nao waombaji wana kazi yao, na karibu yote hufanywa kabla fomu haijaonekana. Kikundi kikutane, muhtasari uandikwe, waliohudhuria watie sahihi. Katiba iandikwe na isajiliwe. Jina la kikundi kwenye cheti liwe lile lile la benki, herufi kwa herufi. Tumeona ombi zuri likikwama kwa herufi moja. Mahali pa kazi pawe na karatasi. Mizinga ya kina mama wale ilisimama kwenye shamba la mume wa mmoja wao, kwa maneno ya mdomo tu. Mume akifa, au akikasirika, mradi uko wapi? Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa ya kupata hati ya kimila. Waende halmashauri ya kijiji wakaombe eneo lao.

Na Serikali nayo tunaiambia. Mikopo ya asilimia 10 ilisimamishwa mwaka 2023 baada ya ukaguzi kufichua vikundi hewa, yaani majina bila watu, yakala fedha za watu bila majina. Ikarudishwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Vema. Lakini kikundi hewa hakijulikani kutoka ofisini, hujulikana kijijini. Mkutano mkuu wa kijiji hukutana kila miezi mitatu. Majina ya walioomba, waliopewa na walionyimwa yasomwe pale, kwa Kiswahili, na sababu za kunyimwa zitajwe. Fomu nazo ziwe za Kiswahili tangu mstari wa kwanza. Afisa anayeona kazi hiyo ni nzito akumbuke mama anayetembea kutwa nzima kufuata sahihi moja.

Kina mama wale wameliandika upya ombi lao, katika daftari la shule, kwa mkono wa binti wa mmoja wao aliyemaliza kidato cha nne. Wamehesabu mizinga, mavazi ya kurinia, ndoo na chujio, na nauli ya kupeleka asali sokoni. Jumla imetoka ndogo kuliko ile ya kijana wa mjini. Chanjo ya mbuzi imefutwa. Wiki iliyopita walilipeleka wenyewe, watano kwa miguu, wakadai risiti ya kupokewa, nao wakapewa.