TUMBO NALO HUFANYA MTIHANI

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Mimi sitaficha. Muhula uliopita, katikati ya karatasi ya Hisabati, tumbo langu lilianza kunguruma kama matatu bovu. Niliomba ruhusa ya kwenda msalani, nikapewa. Nilipoomba mara ya pili, msimamizi alinikazia macho akasema, "Wewe, mwakenya umeuficha chooni?" Darasa zima likaangua kicheko. Niliporudi muda ulikuwa umeyoyoma, na swali la mwisho sikuligusa. Jamani, nilikuwa nimesoma! Tumbo ndilo lililoniangusha.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: mbona tumbo liogope ilhali hesabu hufanywa na kichwa? Mwalimu wetu wa Biolojia alinifafanulia. Ubongo ukihisi hatari, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini na kortisoli. Moyo hudunda mbio, damu hukimbilia misuli, na utumbo huvurugika. Mmoja hufunga choo, mwingine huendesha. Tena kuna neva ndefu kati ya ubongo na utumbo, nayo hupeleka habari pande zote mbili.

Humo utumboni mna bakteria wengi ajabu, na si wote maadui. Bakteria hai wanaoufaa mwili tunapowala au kuwanywa kwa kiasi cha kutosha huitwa probiotiki. Huko Japani, watafiti waliwapa wanafunzi wa udaktari maziwa yaliyochachishwa kwa wiki 8 kabla ya mtihani mkubwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2016 yalionyesha kwamba walisumbuliwa na tumbo kidogo kuliko wenzao waliopewa maziwa yasiyo na bakteria hao. Hata kortisoli katika mate yao haikupanda kama ya wenzao.

Nilishangilia, lakini si kwa muda mrefu. Mwaka wa 2017, watafiti wa Ayalandi walitoa matokeo ya bakteria wa aina nyingine, ambao awali walikuwa wamewatuliza panya. Walipopewa wanaume 29 wenye afya, hawakuwapunguzia wasiwasi. Kumbe si kila bakteria ni dawa!

Basi maoni yangu ni haya. Kwanza, kibanda chetu cha shule kiuze maziwa lala badala ya soda tu. Si kitu kigeni. Wakalenjin wana mursik yao, na nyanya yangu huchemsha maziwa kwanza ndipo ayagandishe kwenye kibuyu. Uji wa kuchacha nao ni mzuri, ingawa moto wa kuupikia huwaua bakteria hao. Hata hivyo, uji ni bora kuliko tumbo tupu.

Pili, tusidanganyane. Maziwa lala hayawezi kufanya kazi ya usingizi. Sisi wanafunzi wa kutwa huamka saa kumi alfajiri ili tuwahi masomo ya mapema, na wengi wetu hatutii chochote mdomoni mpaka saa nne. Jioni tunafika nyumbani giza limeingia, na vitabu bado vinatungoja. Walimu wetu wapendwa, tupeni angalau dakika 20 za kunywa uji kabla ya somo la kwanza.

Tatu, mwanafunzi akiomba ruhusa wakati wa mtihani, asindikizwe lakini asiaibishwe. Kumwaibisha ni kumwongezea hofu, na hofu ndiyo iliyomharibu tumbo.

Najua wapo watakaosema huu ni uvivu, eti wao walisoma kwa taabu na wakapita. Sawa. Lakini waliopita ndio wanaosimulia. Walioangushwa na matumbo yao hatuwasikii.

Wanafunzi wenzangu, shime! Tusome, tulale, tule, na tusicheke mwenzetu anapokimbilia msalani. Leo ni yeye, kesho ni wewe.