Riba nayo ni bei, tuipatane kabla ya kusaini

Mfanyabiashara wa Musoma hapunjwi kirahisi. Akifika mwalo wa Mwigobero alfajiri hushika dagaa mkononi, hutazama kama wana mchanga, huulizia bei ya mtumbwi wa pili, ndipo atoe fedha. Mwenzake wa Bunda mjini au wa Kiabakari hanunui gunia la mahindi bila kulipima. Lakini mtu huyo huyo akienda kukopa mtaji husaini karatasi asiyoisoma. Ukimuuliza riba ni kiasi gani, hujibu tu kwamba kila siku analipa sh. 12,000.

Fedha nayo ni bidhaa, na bei yake ni riba. Asiyeijua bei hiyo hawezi kujua kama biashara yake inaleta faida au inamfanyia kazi mkopeshaji.

Tufanye hesabu. Tuseme mama muuza dagaa amekopa sh. 300,000, naye atarejesha sh. 12,000 kila siku kwa siku 30. Jumla ni sh. 360,000. Mkopeshaji atamwambia kuwa riba ni asilimia 20. Maelezo hayo hayatoshi, kwa sababu mama huyo hakai na sh. 300,000 mwezi mzima. Kila siku anapunguza deni, na kwa wastani anakuwa na kama sh. 155,000 tu za mkopeshaji mikononi mwake. Sh. 60,000 juu ya kiasi hicho ni karibu asilimia 39 kwa mwezi. Kama alikatwa fedha ya fomu kabla ya kukabidhiwa mkopo, bei imepanda zaidi.

Tena marejesho ya kila siku hayajui mwezi wa angani. Siku za mbalamwezi wavuvi wa dagaa hupumzika na mzigo huadimika mwaloni, lakini mkusanyaji wa marejesho hapumziki. Mama huyo hulazimika kukopa kwa mwingine ili amlipe wa kwanza. Wahenga walikwisha kusema, kukopa harusi, kulipa matanga. Mikopo ya namna hii wananchi wenyewe wameipa jina la kausha damu.

Sheria haiko kimya. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imewagawa watoaji huduma hizo katika madaraja manne. Kampuni na watu binafsi wanaokopesha bila kupokea amana wako daraja la pili, na lazima wawe na leseni ya Benki Kuu ya Tanzania. SACCOS ni daraja la tatu. Vikundi vya kijamii kama VICOBA ni daraja la nne, navyo husajiliwa kupitia halmashauri. Kukopesha kama biashara bila leseni ni kosa. Kwa daraja la pili Benki Kuu imetaja ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa ukomo huo, mkopo wa sh. 300,000 unaorejeshwa wote baada ya mwezi mmoja ungezaa riba ya sh. 10,500. Linganisha na sh. 60,000.

Kukopea kwenye simu nako si salama kwa sababu tu hakuna mtu wa kugonga mlango. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha mtandaoni bila kibali.

Wakopeshaji wana hoja yao, na ni haki isikilizwe. Wanasema wanakopesha watu ambao benki haiwataki, wasio na hati ya nyumba wala vitabu vya hesabu, na wapo wanaokopa kisha wakahama mji. Ni kweli. Deni ni deni na lazima lilipwe. Mkopaji anayekimbia humharibia jirani yake mwaminifu. Lakini hatari ya biashara haimpi mtu ruhusa ya kuficha bei, wala ya kushikilia kadi ya benki ya mteja na namba yake ya siri.

Kwa hiyo, msomaji, kabla ya kusaini fanya mambo manne. Kwanza, omba kuona leseni na uihakikishe Benki Kuu, ambayo kwa kanda yetu ina tawi Mwanza. Pili, uliza jumla ya fedha utakayorejesha pamoja na ada zote, uigawe mwenyewe kwa kikokotoo. Tatu, ondoka na nakala ya mkataba. Asiyekupa nakala ana jambo analoficha. Nne, usisaini hati ya mauziano ya kiwanja au pikipiki kwa kuambiwa kuwa ni dhamana tu. Mkopo una mkataba wa mkopo. Ukisaini mauziano, siku ya ugomvi karatasi itasema uliuza.

Na wenye familia wakumbuke kwamba nyumba ya ndoa haiwekwi rehani na mtu mmoja. Sheria ya Ndoa ya 1971 na Sheria ya Ardhi ya 1999 zinataka ridhaa ya mwenzi. Mume anayeweka nyumba kwa siri anamfanya mkewe ajue habari hiyo siku dalali anapofika mlangoni.

Zipo njia nafuu, ingawa si za haraka. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa Aprili 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Kundi lenye nia lianze kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Kuunda kikundi na kujaza fomu huchukua muda, kwa hiyo aanze sasa anayejua kuwa atahitaji mtaji msimu wa pamba utakapofunguliwa. Anayengoja hadi siku ya shida atakuta aliye tayari kumkopesha ni yule wa sh. 12,000 kwa siku.