Hata Rubani Husoma Kabla ya Kazi



Mzee mmoja wa kijijini aliniuliza, "Bwana Shamba, hawa polisi wanaoruka kwa helikopta huchaguliwaje?" Swali ni zuri. Nitakueleza jinsi wanavyofanya Uingereza.

Huko, kwa kawaida, helikopta ya polisi hubeba watu watatu. Mmoja ni rubani. Wawili ni askari. Rubani huajiriwa akiwa tayari ana leseni na amekwisha kuruka saa nyingi.

Askari huchaguliwa kati ya wale wenye uzoefu wa kazi. Hupimwa afya. Hupimwa uzito pia, maana helikopta ina kiasi chake cha mzigo. Kisha hujaribiwa angani. Je, anaweza kusoma ramani huku helikopta inazunguka? Je, hatapata kichefuchefu?

Anayefaulu hupelekwa mafunzoni. Hujifunza ramani, redio na kamera inayoona joto. Usiku mwili wa mtu una joto kuliko majani. Kwa hiyo kamera humwonyesha mtu aliyepotea, hata gizani. Wanaoruka juu ya maji hufundishwa pia kujiokoa. Hufungwa mikanda ndani ya chombo cha mfano. Chombo huzamishwa bwawani na kupinduliwa. Kila mmoja hutafuta njia ya kutoka.

Lakini jambo kubwa ni hili. Rubani ana karatasi za maagizo. Huzisoma hata kama ameruka miaka 20. Kwa nini?

Tarehe 29 Novemba, 2013, helikopta ya polisi iliangukia baa katika mji wa Glasgow, Scotland. Watu 10 walikufa. Watatu walikuwa ndani ya helikopta, saba walikuwa katika baa. Wachunguzi walikuta mafuta bado yamo katika tangi kubwa. Lakini pampu za kuyapeleka kwenye matangi ya injini zilikuwa zimezimwa. Taa za onyo zilikuwa zimewaka. Maagizo yalisema: tua katika dakika 10. Helikopta haikutua. Injini zote mbili zilizimika.

Sasa tugeukie shamba lako. Nilimkuta mkulima anachanganya dawa ya pamba bila kusoma maandishi ya chupa. Akaniambia, "Naijua hii, Bwana Shamba. Huu mwaka wa tatu." Tukasoma pamoja. Kumbe dawa ilikuwa nyingine, na kipimo chake kingine. Angeunguza pamba yote, na pengine kujidhuru mwenyewe.

Ndugu yangu, hukujifunza kusoma ili upate cheti tu. Kabla ya kufungua chupa, soma. Ukikuta neno gumu, niulize. Hata kama unaijua dawa, soma tena.

Maswali ya kikundi:
1. Kwa nini rubani mzoefu bado husoma maagizo?
2. Nyumbani kwako kuna dawa gani ambayo hujasoma maandishi yake?