Rubavu: Ukuta ukipasuka, gharama ni ya nani?

Usiku wa tarehe 22 Mei 2021, lava ya volkano Nyiragongo iliteremka kuelekea Goma na kukoma karibu na uwanja wa ndege wa mji huo. Haikufika Gisenyi. Matetemeko yaliyofuata kwa siku kadhaa, baadhi yakizidi kipimo cha 5, ndiyo yaliyovuka mpaka na kuacha nyufa mjini Gisenyi: katika nyumba, maduka, barabara, na hata katika hospitali, ambayo wagonjwa wake walihamishwa. Miaka miwili baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mto Sebeya ukafurika. Januari 27, 2025, mapigano yalipopamba moto Goma, makombora yakaanguka upande wa Rwanda, yakaua watu na kuharibu nyumba.

Kila mara wilaya ya Rubavu ilipomaliza kuzika wafu wake, swali dogo lilibaki katika nyumba za kupanga: nani atoe fedha za matengenezo?

Jibu lililozoeleka ni kwamba mpangaji hulipia alichovunja, kama kioo au kitasa, na mwenye nyumba hulipia kilichochakaa, kama mabati yaliyoliwa na kutu. Gisenyi mgawanyo huo haukai sawa. Ufa wa mwaka 2021 uliozibwa kwa plasta, pasipo msingi kuguswa, hupokea maji ya masika mwaka baada ya mwaka. Kama ukuta ni wa matofali ya udongo, yale yaitwayo rukarakara, maji hayo huulegeza kwa ndani huku rangi ya nje ikiendelea kung'aa. Siku unapopasuka tena, aliyemo ndani ni mpangaji wa tatu au wa nne. Mwenye nyumba anaona ukuta aliokabidhi ukiwa mzima. Mpangaji anaona ukuta uliokuwa umeoza kabla hajafika. Wote wawili huenda wanasema kweli.

Zamani sheria ilikuwa na neno juu ya jambo hili. Amri ya mwaka 1888 kuhusu mikataba, iliyotungwa kwa ajili ya Kongo na baadaye ikatumika Rwanda, ilimtaka mwenye nyumba aitunze ifae kukaliwa. Nyumba ikiangamia yote kwa ajali isiyo ya mtu, upangaji ulikoma. Ikiharibika sehemu, mpangaji aliweza kuomba apunguziwe kodi ya pango au kuvunja mkataba, bila fidia. Upande wa Goma kanuni hizo zingali zimo katika sheria ya madai. Rwanda ilizifuta sheria zote zilizotangulia uhuru mwaka 2019, hatua iliyokuwa na heshima yake, na sheria ya mikataba ya mwaka 2011 inasisitiza kwamba makubaliano halali huwafunga waliokubaliana. Basi uzito wote umehamia kwenye makubaliano yenyewe, nayo mara nyingi ni ya mdomo tu.

Ushuru nao haumsukumi mwenye nyumba kukarabati. Sheria ya mwaka 2018 ya vyanzo vya mapato ya wilaya iliruhusu nusu ya pato la nyumba ihesabiwe kuwa gharama za matunzo kabla ya kutozwa ushuru. Nyumba ya faranga 60,000 kwa mwezi huingiza 720,000 kwa mwaka. Nusu yake ni 360,000. Faranga 180,000 za mwanzo hazitozwi, na zinazobaki hutozwa asilimia 20, yaani faranga 36,000. Aliyejenga upya ukuta mzima na ambaye hakununua hata mfuko mmoja wa saruji hulipa kiasi kile kile. Kanuni hiyo ni rahisi kwa mtoza ushuru, kwani haihitaji kukagua risiti. Kwa mpangaji wa chumba chenye ufa, ina maana kwamba matunzo yamekwisha kuhesabiwa kabla hayajafanywa.

Bima ingeweza kusaidia, ila bima ya moto kwa kawaida haigusi madhara ya vita, na tetemeko huhitaji nyongeza ya malipo. Mwenye vyumba vinne vinavyopangwa na wachuuzi wa mpakani hakati bima hiyo; wachuuzi hao wenyewe hukosa pato mpaka unapofungwa, na kodi ya pango huchelewa wakati ule ule ukarabati unapodai fedha.

Kinachokosekana zaidi ni kitu cha bei ndogo: karatasi ya makabidhiano yenye tarehe, picha za kila ukuta na sahihi za pande mbili, ikieleza pia iwapo kodi itapungua nyumba ikiharibiwa na tetemeko, maji au silaha. Bila hiyo, wapatanishi wa Abunzi au hakimu hubaki kupima neno la mtu mmoja dhidi ya la mwingine. Fundi anaweza kuwaeleza ufa unaelekea wapi. Ulianza mwaka gani, hawezi kuapa.