Moshi iko moja

Kila baada ya muda anakuja mtu wa ONG na bango lenye fuvu la kichwa, anatukusanya vijana chini ya hema, anatuambia kanyanga ni sumu. Tunapiga makofi, tunakunywa Fanta, tunasaini karatasi ya mahudhurio. Jioni anarudi Buja, na kila mtu hapa Gatumba anajua kinachowekwa mezani kule kandokando ya ziwa. Ni wiski. Chupa yake haina fuvu. Ina picha ya bwana mwenye kofia ndefu, anatembea kwa maringo kama mtu asiyedaiwa.

Mimi nafanya kazi na vijana na nataka kubishana na lile bango. Sio eti kanyanga ni nzuri. Nimeshapanda taksi-velo na kijana wa miaka 17 nikimshika kiuno asianguke, hajui jina lake wala langu. Nabishana kwa sababu bango linasema nusu ya ukweli, na vijana wanasikia harufu ya uongo haraka kuliko harufu ya pombe.

Basi tulifanya kitu rahisi. Mgeni mmoja aliacha chupa ya Red Label ikiwa nusu. Mimi na watu wazima wenzangu watatu (hakuna hata mtoto mmoja wa kikundi changu, msianze kuandika ripoti) tulimimina kidogo katika glasi nne, na kando yake vikombe vya kanyanga ya mahindi. Tulinusa kwanza, tukaonja kidogo kidogo, halafu tukaongeza maji.

Nianze na wiski. Rangi ni ya chai isiyo na maziwa. Puani kuna moshi, mwembamba, na utamu kama sukari iliyoungua. Mdomoni inauma kama pilipili, na ukiongeza maji kidogo inatulia na ule moshi unajitokeza vizuri zaidi. Halafu unaondoka. Ni kama jirani anakausha samaki nyuma ya ukuta: wewe unapata harufu, samaki humpati. Kwa wiski ya bei ya chini nasema ni nzuri, imenyooka, haina siri. Lakini ile "bei ya chini" ni ya nani? Chupa moja hapa kwetu inazidi anachopata kwa wiki kijana wa kubeba mizigo mpakani, Kavimvira.

Kanyanga sasa. Haina rangi. Puani kuna mkate uliochacha, na nyuma yake moshi mzito, wa uji ulioshika chini ya pipa. Inachoma hadi kifuani. Utamu wa mahindi unakuja mwishoni, na mzee mmoja kati yetu alisema huo mwisho ni mrefu kuliko wa wiski. Nilikubali naye. Ila hakuna aliyemaliza kikombe, maana hakuna aliyejua ni asilimia ngapi.

Mama aliyeipika, sitamtaja, mnajua sababu, tulimuonjesha ile ya Uskoti. Alinusa, akacheka: "Bazungu banapikaka na mashini, siye na sufuria. Moshi iko moja."

Yuko sahihi kuliko anavyodhani. Shayiri ya wiski inaloweshwa, inaachwa ichipue iwe kimea, vilevile mama zetu wanavyofanya na mtama. Halafu inakaushwa kwa moto. Sehemu za Uskoti zisizo na kuni nyingi, kama kisiwa cha Islay, walichoma udongo mweusi wa kinamasi, ule ambao Wafaransa wanauita tourbe, na moshi wake ukashika kwenye nafaka. Ndiyo ladha yote hiyo mnayoilipia. Udongo huo upo hapa Burundi! ONATOUR inauchimba, na kambi za jeshi na magereza wanapikia. Kule Gishoma, upande wa Rwanda, walijenga mtambo wa kuuchoma kutoa umeme. Na wiski ya mchanganyiko, ile ya bei nafuu, sio kimea peke yake: kwa kawaida sehemu kubwa ni pombe ya ngano au mahindi, imetoka kwenye mitambo mirefu ya chuma, halafu wanaichanganya na ile yenye moshi. Mahindi, bana. Kama ya mama.

Kingine ambacho bango halisemi: wiski nayo ilikuwa kanyanga. Waskoti walipika mabondeni usiku, wakawakimbia watu wa ushuru, wakaficha mitungi. Mwaka 1823 bunge la Uingereza lilipunguza ushuru na kufanya leseni iwezekane kwa mtu mdogo. George Smith wa Glenlivet alichukua leseni mwaka 1824, na majirani zake wa magendo walimkasirikia hadi akatembea na bastola mbili. Na yule John Walker mwenye jina kwenye chupa alikuwa mwenye alimantasio tu, alifungua duka lake mji wa Kilmarnock mwaka 1820. Hakuna aliyewapiga fuvu kwenye bango. Waliandikiwa sheria inayowezekana.

Leo sheria hiyo inasema wiski ya Uskoti lazima ikae kwenye pipa la mti miaka 3 isiyopungua, na isiwe chini ya asilimia 40. Hapo ndipo ilipotushinda. Kwa ladha, tunaweza kubishana mpaka asubuhi. Chupa yao inasema: nimetoka wapi, nina ukali gani, nani wa kushtakiwa. Bidoni yetu iko kimya. Na iko kimya kwa sababu anayeipika akisema jina lake, anakamatwa, pipa linatobolewa, na watoto wanalala njaa. Watanzania gongo yao wanaiita pombe ya moshi, na hilo ni jina la kosa. Mskoti neno hilohilo analiandika kwenye chupa ili auze.

Najua jibu la watu wa afya: watu wanakufa. Ndiyo, wanakufa. Novemba 2000 Nairobi, mtaa wa Mukuru kwa Njenga, zaidi ya watu 100 walikufa. Mwaka 2010 Kabale, Uganda, wapatao 80. Lakini someni kilichowaua. Ni methanoli. Uji wa mahindi na sukari unatoa kidogo sana. Vifo vya wengi namna hiyo mara nyingi vinatoka kwa mfanyabiashara aliyeongeza kemikali ya kiwandani ili faida izidi. Methanoli huioni, huinusi, na ile njia ya kuwasha kiberiti kwenye kijiko haikuambii kitu, inawaka kama nyingine. Hilo ndilo la kuandika kwenye bango: mtu akiamka kesho yake anaona ukungu machoni, tumbo linamuuma, anapumua haraka, msimwache alale, msimpe maziwa, mkimbizeni hospitali saa hiyohiyo. Bidoni iliyobeba mafuta au dawa ya shamba isitiwe pombe. Warsha nilizohudhuria zilituambia dhambi, aibu, na "mustakabali". Hayo ya macho niliyatafuta mwenyewe.

Wageni wanapenda pia kusema vijana wanakunywa kwa sababu ya kiwewe. Wengine ndiyo. Gatumba haijasahau usiku wa 13 Agosti 2004, wala maji ya Rusizi ya Aprili 2020, na kila mtu aliyevuka kutoka Uvira ana usiku wake. Lakini wengi wa kikundi changu hawakuwa wamezaliwa 2004. Waulizeni wenyewe. Wanasema saa kumi jioni hakuna mpira, hakuna kazi, hakuna shule ya kuendelea, na kikombe cha kanyanga ni rahisi kuliko bia, siku ambazo bia inapatikana.

Nanyi vijana wenzangu, msijifiche nyuma yangu. Nawaona mnavyopiga picha na chupa ya mwenye kofia kwenye harusi kana kwamba ni diploma. Baadhi ya chupa hizo zimenunuliwa tupu, zikajazwa nyuma ya kabare kitu mnachokidharau asubuhi. Kifuniko kikizunguka bila kukatika, hiyo ni kanyanga iliyovaa suti, na mmeilipia bei ya suti. Aliye chini ya miaka 18 simwambii achague kati ya hizo mbili. Asinywe. Ubongo wake bado unajengwa, na hilo halitegemei lebo.

Ninachotaka ni kidogo. Kamati ya kambi iache kutoboa mapipa ya wajane huku muuzaji mkubwa mwenye gari anapita mchana. ONG ikae na mama zetu wapishi, wanaojua tayari kumwaga yale matone ya kwanza yenye harufu kali, wasikilizwe kabla ya kufundishwa. Anayetaka kuacha apewe mtaji wa kitu kinachouzika kweli, sio mafunzo ya siku tatu ya sabuni ambayo watu 40 wameshafundishwa kuitengeneza. Na wasioacha, kwa sababu wako na watakuwepo, wawe na kile kijiti cha kioo kinachoelea na kupima asilimia. Hakipimi methanoli, lakini mnywaji atajua kama ni 30 au 60, na atakunywa kwa kujua. Nimeuliza bei yake mjini. Ni chini ya Fanta za warsha moja.