Seli za ubongo zinazokufa kabla mtoto hajazaliwa

Mtoto akiwa bado tumboni, ubongo wake hutengeneza seli za neva nyingi kuliko zitakazohitajika. Kisha nyingi kati ya hizo hufa. Kuna sehemu za mfumo wa fahamu ambako karibu nusu huondoka, na huo si ugonjwa, mzazi usishtuke. Mkulima naye hupanda mbegu tatu katika shimo moja, halafu akang'oa miche iliyozidi.

Nani anaamua seli ipi ife? Jibu lilitoka kwa mnyoo wa udongoni, mwenye urefu wa milimita moja hivi. Anapokua hutengeneza seli 1,090, na kati ya hizo 131 hufa, zilezile kila mara. Nyingi ni za neva. Robert Horvitz wa Marekani na wenzake walizipata jeni zinazosimamia kazi hiyo: zipo zinazoua na ipo inayozuia kuua. Mwaka 2002 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na John Sulston na Sydney Brenner.

Sisi binadamu tunazo jeni za ukoo huohuo. Seli changa ya neva hutafuta seli nyingine ya kuungana nayo, na ikiipata hupokea protini inayozifunga mikono jeni za kuua. Ikikosa, hujimaliza yenyewe kimyakimya, bila uvimbe wala kidonda. Panya walioondolewa jeni moja ya kuua walipata ubongo mkubwa kupita kiasi, na wengi hawakuishi. Kwa hiyo wingi wa seli si akili, na sioni sababu ya mjamzito kununua makopo yanayonadiwa kwamba yanaongeza seli za ubongo wa mtoto.

Linalonitia wasiwasi ni pombe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kuwa vitoto vya panya vilivyopewa pombe, katika umri ambao ubongo wao unakua kwa kasi, vilipoteza mamilioni ya seli za neva ambazo zilipaswa kubaki. Pombe iliamsha amri ileile ya kifo. Kwa binadamu, kipindi kama hicho huanza miezi ya mwisho ya ujauzito, na pombe anayokunywa mama hupita kwenye kondo la nyuma hadi kwa mtoto.

Bado nasikia wajawazito wakishauriwa wanywe bia nyeusi "kuongeza damu". Damu inaongezwa na vidonge vya madini chuma na foliki vinavyotolewa kliniki. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha pombe kilicho salama wakati wa ujauzito. Hata glasi moja ya harusini haimo.

Kama ulikunywa kabla ya kujua una mimba, acha leo na umweleze muuguzi bila kuona haya. Ubongo wa mwanao bado unajengwa, na utaendelea kujengwa hata baada ya kuzaliwa.